Pikapu ya dizeli kukata nguvu mlimani

Kaka kama pikapu yako ya dizeli tambarare inatembea fresh ila ikikuta mlima na mzigo inakata nguvu, usikimbilie kufungua pampu ya kusukuma dizeli kwenye injini, hiyo iache iwe ya mwisho kabisa. Angalia mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukiwa mlimani, kama unapanda na injini inalia lakini gari haiongezi mwendo hapo klachi inateleza. Kama mshale wenyewe unashuka basi injini inakosa hewa au mafuta, na moshi ndio utakuambia ni kipi.

Moshi mweusi mzito ni hewa haitoshi, toa filta ya hewa uikague kwenye mwanga, halafu zima gari upapase mipira yote ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) mpaka kwenye intakula, yaani kipoza hewa yake, hasa upande wa chini, maana mpasuko mwingine huuoni mpaka uubinye, na ukikuta oili imelowa kwenye klipu anza na hapo.

Ila kama haitoi moshi, inafifia tu taratibu, hayo ni mafuta hayafiki. Mwaga maji ya chini ya filta ya dizeli, badilisha filta, na ile pampu ya mkono ya juu yake ukiikuta imebonyea yenyewe ujue kuna kitu kimeziba huko nyuma, mara nyingi ni chujio la ndani ya tanki. Wengi wanabadili filta tu tanki hawaligusi, uchafu unarudi palepale! Na breki nazo cheki, tairi moja ikishika mlimani utalaumu injini bure.