Kwa nini memori ya mashine pepe hairudi yote

Ndugu, umeuliza kwa nini virtio-mem inaongeza memori kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine) papo hapo, lakini ukiitaka irudi inarudi nusunusu. Kuongeza ni rahisi: kifaa hicho pepe, kilichoingia Linux toleo 5.8 mwaka 2020, kinaiarifu kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa mashine hiyo, kuna vipande vipya vya memori. Kazi iko kwenye kutoa. Kipande hakitoki mpaka kurasa zote (sehemu ndogondogo za memori) zinazotumika ndani yake zihamishwe, na nyingi za kerneli yenyewe hazihamishiki. Ukurasa mmoja wa aina hiyo unatosha kukizuia. Memori ya nyongeza iweke ZONE_MOVABLE, eneo la kurasa zinazohamishika, tangu mwanzo, ila kwa kiasi. Eneo la kawaida, zinakokaa kurasa za kerneli zisizohamishika, likiwa dogo mno, kerneli itakosa nafasi huku memori nyingine imekaa bure.