Tumeni hela, nguo kaeni nazo

Shikamoo kaka. Mdogo wangu yuko Minnesota, wenzake wa huko wanajaza kontena la nguo na mablanketi liende Sudan, na sisi huku Tabata tumeanza kukusanya. Tupitishie wapi?

Marahaba. Simamisheni. Hili swali linarudi kila vita, kila mafuriko, na mtu haulizi kwanza wenye shida wamesema wanataka nini. Kontena likifika Port Sudan kuna ushuru, kuna stoo, halafu barabara yenye vizuizi vya pande zote mbili, jeshi na wanamgambo wa RSF wanaopigana nalo, na nauli ya meli peke yake ingepika masufuria mangapi ya dengu? Wasudani walioko nje, Uingereza, Ghuba, wameshatuonyesha njia tangu vita ianze Aprili 2023, wanatuma hela kwa vijana wa mitaani wale wa vyumba vya dharura, yaani vikundi vya kujitolea vya mtaa, wengi wametokea kwenye kamati za mtaa za maandamano yaliyomng'oa Rais Bashir, ndo wanaendesha majiko ya pamoja yanayoitwa takaya. Hela inaingia kwenye simu kwa Bankak, app ya Benki ya Khartoum, wanaenda kununua dengu na kuni soko la pale pale, watu wanakula. Sasa wewe fungua hayo mabegi ya Tabata uone, viatu vya mchuchumio na makoti!

Nimetumiwa namba ya kuchangia kwenye grupu, ila jina linalotokea sio la taasisi iliyoandikwa kwenye bango. Nitume?

Usitume. Jina limekataa, unataka ushahidi gani tena? Na picha za mafuriko zinazozunguka kwenye magrupu angalieni ni za mwaka gani kabla hamjasambaza.

Hawa wa Ulaya kuandamana na mabango ya Sudan kunasaidia nini? Si wachange tu?

Wanachanga, dada, na wengi wanachanga kimya kimya. Lakini hela ina mwisho wake. El Fasher, mji wa Darfur, ilizingirwa zaidi ya mwaka, sokoni hamna kitu, watu wakala mashudu ya karanga, chakula cha mifugo, mpaka RSF wakauchukua mji Oktoba 2025. Pale hata ungetuma mamilioni gunia halipiti, kinachotakiwa ni serikali zenye nguvu zibanwe njia ifunguliwe na silaha zisiingie, na anayeweza kumbana mbunge wa London ni mpiga kura wa London. Kwa hiyo waache waandamane, na sisi Dar tuache kuwacheka.

Kwa nini kutuma Afrika kuna makato makubwa hivi?

Kwa sababu njia ni chache na benki zinaogopa. Mwaka 2013, miaka miwili tu baada ya njaa ya Somalia, Barclays ilitaka kufunga akaunti za kampuni za kutuma hela za Wasomali, ikihofia utakatishaji wa fedha na ugaidi. Mpaka leo dola 200 kuja kusini mwa Sahara zinakatwa karibu asilimia 8, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya 3 ifikapo 2030. Na wewe wa Tabata, mwambie mdogo wako wa Minnesota grupu lao lisitume mmoja mmoja dola kumi kumi, wakusanye, mmoja atume mara moja, na risiti iwekwe kwenye grupu siku hiyo hiyo.