Maswali yenu: siku saba kwenye gari, pwani alafu bara

Meseji za wiki hii karibu zote zinataka kitu kimoja, watu wamepata likizo ya siku saba, gari wanayo au wanakodi, wanataka kupita kando ya bahari weee alafu wakate kuingia bara kwenye milima. Wengine wamenitumia ratiba nzima niikague na nimezikagua kweli, moja moja. Haya tuanze, maswali nimeyafupisha.

SWALI: Tuko wanne, siku saba, ratiba yetu jumla inafika kilomita 2,400. Ramani ya simu inasema ni kama saa tano tu za kuendesha kwa siku. Inawezekana?

Kuendesha mtaendesha, ila kuona hamtaona. Hizo saa tano za ramani ni za gari isiyosimama, hamna mtu anaomba kuchimba dawa, hamna lori mbele yenu kwenye kona na pa kuovateki hakuna. Barabara ya pwani yenye kona hata kama kibao kinasema 80, we ukipata wastani wa 40 mpaka 50 kwa saa shukuru. Mi huwa nachukua muda wa ramani naongeza nusu yake, kwa hiyo saa tano zenu ni saa saba na nusu, na hapo bado hamjala, hamjashuka kupiga picha, mkifika mnapolala giza lishaingia na ile bahari mliyoifuata hamuioni tena.

Kateni. Sio kupunguza kidogo, kateni zaidi ya nusu. Kilomita 150 mpaka 200 kwa siku zinatosha kabisa, na siku mbili kati ya hizo saba gari isisogee, mlale sehemu moja siku mbili, mara moja pwani na mara moja bara. Angalia Great Ocean Road ya Australia, nzima ina kilomita 243, mtu akiamua anaimaliza mchana mmoja, ila mtu huyo atakuwa amepita tu. Barabara ile ilijengwa 1919 mpaka 1932 na wanajeshi waliorudi toka Vita ya Kwanza ya Dunia, walichimba miamba kwa sururu na koleo, ni kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Kitu kama hicho unakipitaje kwa spidi ya 90?

Na nikwambie kitu, kwenye safari zangu zote sehemu ninayoikumbuka kuliko zote haikuwepo kwenye ratiba. Dreva wetu alitaka tu kunyoosha mgongo, tukapaki kwenye kighuba hata jina sikukijua, maji yalikuwa yanakupwa, kila wimbi likirudi nyuma linavuta vile vijiwe vya ufukweni vinagongana vinatoa mlio kama mtu anamwaga kokoto kwenye karai, linatulia, alafu tena. Tulikaa pale saa nzima hamna aliyeongea. Ratiba ya kilomita 2,400 haina saa hiyo.

SWALI: Tuanze pwani au bara? Na je, kuna tofauti ukitokea upande huu au ule?

Tofauti ipo kubwa na watu wengi hawaifikirii kabisa. Jiulize kwanza, nchi unayoenda wanaendesha kushoto au kulia? Unataka bahari iwe upande wa leni yako, maana hapo abiria hawaangalii kupitia magari yanayokuja, na sehemu za kupaki za kutazamia mandhari unaingia moja kwa moja bila kukata leni ya watu. Kwa hiyo wanapoendesha kushoto, zunguka kisiwa au bara zima kama Australia kwa mwendo wa mshale wa saa, wanapoendesha kulia, zunguka kinyume chake. Jaribu uone: California wanaendesha kulia na bahari iko magharibi, kwa hiyo Highway 1, barabara yao ya pwani, unatokea San Francisco unashuka kusini. Great Ocean Road wanaendesha kushoto na bahari iko kusini, basi unaianzia Torquay unaelekea magharibi. Barabara ya duara ya Iceland wanaendesha kulia, we zunguka kinyume na saa. Kama unaogopa kuangalia chini toka juu basi geuza yote niliyosema, kaa leni ya upande wa mlima, hamna aibu.

Jua nalo usilisahau. Ukielekea magharibi jioni linakuchoma machoni mpaka huoni mtu anavuka, kwa hiyo endesha asubuhi, mchana uwe ushafika.

Kuhusu pwani kwanza au bara kwanza mi naangalia kalenda. Barabara za pwani zinajaa wikiendi, basi pwani iangukie katikati ya wiki na wikiendi uwe bara. Alafu usirudi njia uliyojia, fanya duara, nenda na bahari rudi na milima. Mfano ninaoupenda sana ni Garden Route, barabara ya pwani ya Afrika Kusini, uko mji wa George pamekaa kijani, misitu, unyevu, unapanda Outeniqua Pass unashukia Oudtshoorn, ni kama kilomita 60 tu, na ghafla uko kwenye nchi kavu kabisa, Klein Karoo, vichaka vifupi na udongo mwekundu. Sababu ni ile milima yenyewe, upepo wa baharini ukiipanda unapoa unaacha mvua upande wa pwani, ukivuka ng'ambo unashuka mkavu. Ukishajua hivyo ile saa moja ya kuendesha inakuwa tamu zaidi kuliko siku nzima ya barabara iliyonyooka.

SWALI: Mimi naogopa kushuka milima. Mara ya mwisho breki zilitoa harufu nikapata hofu mpaka leo.

Hofu yako ni ya haki na harufu ile naijua, kama plastiki inaungua hivi, na pedali inaanza kuwa laini unaikanyaga inaenda mbali kuliko kawaida. Hiyo ni breki imepata moto kwa kukanyagwa mfululizo. Dawa yake ni gia. Gia uliyopandia ndo ya kushukia, yaani kama kilima kile ungekipanda na gia ya pili basi kishuke na ya pili, na uiweke KABLA ya mteremko sio katikati. Injini itapiga kelele, iache ipige, ndo inakushikia gari. Ukiwa na otomatiki angalia kwenye gia pana L au 2 au alama ya kutoa na kujumlisha, madreva wengi wa otomatiki hawajawahi kuigusa. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, spidi ishuke, achia, zipoe. Na usiweke nyutro kwenye mteremko eti unaokoa mafuta, hapo umejivua kinga yote.

Ikishatoa harufu paki mahali salama, usimwage maji, subiri nusu saa zipoe zenyewe. Wakati unasubiri angalia ulikotoka. Barabara ya mlimani ya Swartberg Pass kwa mfano, hapo hapo juu ya Oudtshoorn, ni ya changarawe mpaka leo, ilifunguliwa 1888, na zile kuta za mawe zinazoshikilia barabara zimepangwa kwa mkono bila saruji na bado zimesimama. Watu wanaowahi kufika chini hawajaziona.

Na mtu akikuganda nyuma na haraka zake, ukipata upenyo pembeni mpishe. Kule kaskazini ya Scotland kwenye North Coast 500, sehemu nyingi barabara ni ya leni moja kwa pande zote mbili na wameweka vipande vya kupishania, hivyo vipande sio vya wanaokuja mbele tu, hata wa nyuma yako unampisha. Ukishampisha roho inatulia, unaendesha spidi yako.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka sita anatapika kila tukiingia kwenye kona. Tuache tu?

Msiache. Sikio la ndani linasikia kona, macho yaliyo kwenye tabuleti hayaioni, ubongo unachanganyikiwa. Kwa hiyo skrini na vitabu mbali, akae nyuma katikati kwenye kiti chake aone barabara ya mbele kama mkanda wa pale unaruhusu, dirisha wazi kidogo, asiwe na tumbo tupu wala lililojaa. Dawa za kichefuchefu zipo lakini anywe kabla ya kuondoka, akishaanza kutapika haisaidii, na dozi ya mtoto muulize mfamasia. Kikubwa zaidi ni dreva, punguza mwendo kabla ya kona sio ndani yake. Simameni kila dakika arobaini, ashuke akanyage ardhi.

SWALI: Tulienda pwani maarufu katikati ya kiangazi, siku tatu ukungu mtupu, hatukuona kitu. Tulikosea wapi?

Pole, inauma kwa kweli. Pwani zenye maji baridi kiangazi ndo msimu wa ukungu, California mwezi wa 6 mpaka wa 8 ni hivyo hivyo, hewa yenye unyevu inapita juu ya maji baridi inageuka ukungu, na joto la bara linauvuta uingie nchi kavu. Mara nyingi mchana unapungua. Kwa hiyo asubuhi ingieni bara, rudini baharini mchana ukishafunguka, au pandeni juu, mara nyingine ukipanda mita mia tatu nne unatokea kwenye jua na ukungu uko chini yako umelala kama pamba. Ila bebeni sweta, kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi sita hivi. Mwezi wa 9 na wa 10 kule ni mzuri zaidi.

SWALI: Tunataka kutembea ufukweni chini ya miamba. Kuna hatari?

Ipo. Maji. Toka kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita, na kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50, kwa hiyo jibu la jana usilitumie leo. Tafuta jedwali la kupwa na kujaa la eneo lile, anza kutembea maji bado yanashuka, yakifika mwisho wa kupwa we uwe ushageuza. Na usikae chini ya mwamba, unadondoka. Ile minara ya mawe baharini kwenye Great Ocean Road wanayoiita Twelve Apostles, mmoja uliporomoka mwezi wa 7 mwaka 2005 kwa sekunde chache tu.

SWALI: Gari ya kukodi, tuchukue kubwa au ndogo? Nini cha kukagua?

Ndogo inayowatosha na mizigo ikae ndani isionekane. Barabara za pwani nyingi ni nyembamba, Amalfi kule Italia basi likija kwenye kona kuna mtu lazima arudi rivasi, ukiwa na ligari likubwa mtu huyo ni wewe.

Kukagua sasa, hapa nina kidonda. Tulikodi gari safi inanukia vizuri, siku ya tatu tairi limepasuka tuko bara netiweki hakuna, tunatoa spea, haina upepo. Jeki ipo, spana ya kufungulia nati haipo. Tumekaa pale kuanzia saa nane mpaka jua linazama ndo akapita mtu akatusaidia, na kampuni ilivyopigiwa simu ikasema tungekagua wakati wa kuchukua. Tangu siku ile sisaini kitu kabla sijafungua buti, natoa spea naiminya, nashika jeki na spana kwa mikono yangu, nawasha taa zote na waipa, alafu nazunguka na simu narekodi video kila mkwaruzo, bampa, rimu, kioo. Kama spea ni ile nyembamba ya muda jua mwisho wake ni 80 kwa saa na ni ya kufika gereji tu. Ulizeni pia kama mkataba unaruhusu barabara ya vumbi, maana mingi inakataza na bima inakufa ukikanyaga changarawe, na kama mnaachia gari mji mwingine kuna pesa inaongezeka, muijue mapema.

SWALI: Tubuku hoteli zote kabla?

Usiku wa kwanza, wa mwisho, na wikiendi. Zilizobaki acheni wazi mkiweza, ili mkipenda mahali mbaki.

SWALI: Barabara ikifungwa je?

Inatokea sana, miamba ya pwani inaliwa na bahari chini na mvua juu. Mwaka 2017 mlima uliporomokea Highway 1 ya California pale Mud Creek, kwenye pwani ya milima ya Big Sur, barabara ikafungwa zaidi ya mwaka mzima mpaka mwezi wa 7 mwaka 2018. Kwa hiyo kila asubuhi angalia taarifa za mamlaka ya barabara ya pale, na ujue njia ya kukatia bara iko wapi kabla hujaipita, maana sehemu kama Big Sur ukishaingia hizo njia ni chache mno. Ramani ishushe kwenye simu itumike bila intaneti. Tenki likifika nusu, jaza.

SWALI: Siku ya saba tufanye nini?

Msiwe mbali. Amkieni mahali ambapo ni saa mbili au pungufu mpaka mnaporudisha gari au nyumbani. Asubuhi tembeeni kwa miguu, kunyweni kitu cha moto mahali pa kukaa. Na kama gari ni yako ioshe siku hiyo hiyo, sio bodi tu, omba wapige maji kwa chini kabisa, kwenye chesisi na ndani ya matao ya magurudumu, chumvi ya bahari inajificha pale na inakula chuma kimya kimya.