Kete za mkononi kwenye bao

Mzee, umesema kwenye mchezo wa bao mtu anaanza na kete 24 mkononi, ila ni 22 sio 24. Bao zima lina kete 64 kwahiyo kila mtu zake 32, na kabla ya kuanza unapanga 10 chini, yaani 6 kwenye nyumba (lile shimo la mraba) halafu mbilimbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, safu ileile ya mbele, zinazobaki 22 ndo unazishika unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja, mpaka ziishe ndo mnaingia mtaji, yaani hatua ya kucheza na kete zilizo ubaoni tu.

Sisi hapa Mikindani tuko wanne, kila Ijumaa usiku barazani wawili wanacheza wawili wanasubiri, na tunahesabu kwanza kabla mtu hajagusa kitu maana komwe (ndo hizo kete) zikipungua hata moja mchezo umeharibika na ubishi hauishi, mi hapo huwa sikubali kabisa kuendelea.

Ila kama mlikuwa mnacheza la kujifunza hilo ni jingine, kila shimo unaweka kete 2, mashimo yote 32, mkononi hakuna kitu mnaanza na mtaji mojakwamoja. Kama mna mgeni wa mchezo, muanzisheni na hilo.