Pesa ya karafuu haifiki Januari

SWALI: Asalaam alaykum dada, mie niko Wete, Pemba, tuna mikarafuu michache na nauza mandazi. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wakishatulipa pesa haikai, mtoto akiumwa nakopa, skuli zikifunguliwa nakopa tena. Tufanyeje na watoto watatu?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Karafuu inalipa kwa mpigo ila matumizi yanakuja kidogo kidogo mwaka mzima, kwahiyo siku ileile mnayolipwa toeni ya skuli muiweke benki, akaunti ya peke yake, isichanganywe na ya kula. Skuli za serikali Zanzibar elimu ilitangazwa bure tokea 1964 sawa, lakini sare, madaftari, tuisheni na nauli ndo vinavyotumaliza, kaa na mumeo muviandikie bei sasa hivi. Pesa ya mandazi ndo iwalishe. Kama unacheza mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu na wenzio omba zamu yako iwe Disemba.

Ya maradhi iwe mbali na ya skuli tena iwe kwenye simu, homa ya usiku haingoji benki ifunguliwe, na mkipewa rufaa ya Unguja boti na chakula cha muuguzaji mnajitegemea, hapo ndo wengi wanauza shamba kwa bei ya kutupa naumia sana nikisikia.