Mwanambuzi njiti: joto kwanza, maziwa baadaye

Mkuu, umesema mbuzi wako kazaa usiku wa kuamkia leo, siku kumi kabla ya wakati, mtoto hasimami wala hanyonyi, na umeanza kumdondoshea maziwa kwa kijiko. Hicho kijiko kiweke chini. Ndicho kilichoniulia wa kwangu wa kwanza.

Nafuga mbuzi wa maziwa Mgeta, huku milimani Uluguru, wenye damu ya wale wa Norway walioletwa miaka ya 1980 kupitia Chuo cha Sokoine. Baridi ya Julai huku haina utani. Yule wa kwanza nilimkuta alfajiri amelala kama kitambaa, nikamkamua mama yake, nikammiminia. Maziwa yakaingia mapafuni. Jioni alikuwa anakoroma, asubuhi nikamzika. Na hata yangefika tumboni yasingemsaidia, maana mnyama aliyepoa hasagi kitu.

Miaka miwili baadaye jike mwingine alipigwa pembe na mwenzake kwenye hori, akazaa siku ya 141 badala ya 150. Siku nazijua kwa sababu tarehe ya kupandishwa naiandika ukutani kwa mkaa. Walikuwa pacha. Mmoja alitoka amekufa, wa pili alikuwa na kilo 1.4 kwenye mizani ya dukani, wakati wangu wengi huzaliwa na kilo mbili na nusu au tatu. Manyoya mafupi yanateleza, kwato laini, meno ya mbele bado yamefunikwa na fizi. Hapo kwenye fizi ndipo pa kuangalia: mtoto mdogo tu aliyetimiza siku zake, meno huwa yameshachomoza.

Nilimtia kidole mdomoni, baridi. Kipimajoto kwa nyuma kikasoma nyuzi 35.8. Kawaida yao ni 38.5 hadi 39.5 hivi, na akiwa chini ya 37 hapewi kitu tumboni. Huyu alikuwa bado na ute wa kuzaliwa, hajamaliza hata saa moja, kwa hiyo nilimfuta, nikamvika mfuko wa nailoni hadi shingoni ili asilowe, nikamweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, kichwa nimekishika juu. Maji yakipoa naongeza. Baada ya dakika arobaini hivi akaanza kutikisa masikio. Kutoka hapo ni boksi, majani makavu, na chupa za soda zenye maji ya moto zilizofungwa khanga. Mke wangu alitaka kuleta jiko la mkaa ndani, nikakataa. Chumba kimefungwa, ile hewa ya mkaa ingetumaliza wote, mbuzi na wenye nyumba.

Lakini wako ni tofauti, na hapa unisikilize vizuri. Kama zimepita saa tano hajapata kitu na joto liko chini ya 37, usimpashe moto kabla hujampigia mtaalamu wa mifugo. Sukari mwilini imeisha, na ukimpasha hivyohivyo anaweza kupata degedege afe mikononi mwako. Wao humchoma glukosi tumboni kwanza, ndipo joto lifuate. Wakati unamsubiri, mkaushe tu na umtoe kwenye upepo.

Joto likirudi, sasa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa. Kiasi ni mililita 200 kwa kila kilo kwa saa 24 za kwanza. Wangu ilikuwa 280, nikazigawa mara nane, 35 kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Mama akizaa mapema kiwele huwa bado hakijajaa, mimi niliazima kwa jirani ambaye mbuzi wake alikuwa amezaa siku ileile. Usichemshe, dang'a inaganda kama yai. Weka chupa ndani ya maji ya moto kiasi cha kuvumilika mkononi. Mtoto alale kifudifudi, shingo ya kawaida, usimwinue kichwa juu. Asiponyonya kidole chako, hawezi chupa, anahitaji mpira wa kupitisha hadi tumboni. Huo mara ya kwanza aupitishe anayejua, wewe uangalie. Mimi nilifundishwa na bwana mifugo wa kata, mkono ukitetemeka.

Mengine ni madogo ila yanachosha. Kitovu kichovye kwenye ayodini. Mgeuze ubavu kila unapomlisha. Chini ya mkia msugue kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kama mama anavyolamba, mpaka kile kinyesi cheusi cha kunata kitoke. Wangu vifundo vya miguu ya mbele vilikuwa vinakunjika, nikavifunga na kipande cha boksi na bandeji siku tatu, vikanyooka. Siku ya nne akasimama, akaanguka kwenye sufuria ya ugali, tukacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kitu ambacho sikuweza na wewe hutaweza ni mapafu. Akiwa anahema haraka, pua zimetanuka, na kila pumzi ina mlio, mapafu hayajakomaa, na dawa ya nyumbani hakuna. Usijilaumu kwa hilo.

Halafu huyo mama. Wangu nilijua ni pembe. Wako kazaa mapema bila sababu, inaweza kuwa ugonjwa wa kutupa mimba, na mingine inaambukiza watu. Kondo la nyuma usilishike bila glavu wala usiwape mbwa, mwenye mimba nyumbani asiingie bandani, na maziwa mnayokunywa ninyi yachemsheni. Mwambie mtaalamu achukue sampuli akifika.

Sasa mpime joto, mpigie simu, kisha uandike hapa umepata ngapi. Niko macho.