Ukipewa Kuandika Historia ya Marehemu kwa Mara ya Kwanza

Kazi hii huiombi, unapewa. Kikao cha msiba kinagawa majukumu: wa jeneza, wa maturubai, wa kupokea wageni wanaotoka Dar es Salaam, na mwisho mtu anasema, "Historia ya marehemu aandike huyu, si ndiye msomi?" Huyo ni wewe, na mazishi ni keshokutwa. Huku kwetu Usangi nimeziandika nyingi, tangu nikiwa mwalimu hadi sasa nimestaafu. Haya ni kwa ajili yako unayeanza.

Historia ya mtu aliyekuwa na ofisi ni nyepesi, faili lipo na barua za uteuzi zipo. Ngumu ni ya mzee wa kijijini aliyelima kahawa na migomba, akasomesha watoto, na miaka yote hiyo akawa mtu wa kamati: ya shule, ya maji, ya maziko. Hakulipwa, kwa hiyo hakuna karatasi. Ndiyo maana historia za watu wa namna hii zinafanana: alizaliwa, alibatizwa, alioa, alijaliwa watoto saba, kisha nusu ukurasa wa hospitali alizopelekwa, na katikati kumepachikwa sentensi moja, "alishiriki shughuli mbalimbali za maendeleo." Ukiikuta sentensi hiyo kwenye rasimu yako, ifute.

Mjane muulize kwanza, lakini usimuulize miaka. Muulize mumewe alikuwa anaamka saa ngapi, anakwenda wapi, anarudi na nani. Kisha toka hapo msibani uende kwa watu wasio ndugu. Kwetu milimani Upare mahali pa kuanzia ni kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la kumwagilia mashamba. Ndiva hukusanya maji usiku, asubuhi hufunguliwa yakateremka mferejini, na kila kaya ina zamu yake. Zamu hizo hazijisimamii. Lazima awepo mtu wa kwenda kuzibua, wa kuamua ugomvi wa majirani wawili wenye majembe mkononi, wa kuita msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wakati mfereji umejaa tope. Kuna mzee mmoja niliyemwandikia ambaye watu watatu wa sehemu tofauti walinieleza jambo lilelile: shamba lake mwenyewe lilipata maji mwisho, kila msimu. Watoto wake hawakutaka niliandike, maana wao walikua wakiona aibu kwamba mahindi ya baba yananyauka kabla ya ya wengine. Niliwaomba libaki, wakakubali.

Tembelea pia shule. Madarasa mengi ya shule za kata, yaliyojengwa baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004, yalisimama kwa mawe na mchanga wa wanakijiji, na kwenye mlima mchanga haushuki kwa lori mlangoni. Nani aliubeba, nani alikuwa anahesabu ndoo, nani alimfuata asiyekuja? Ukipata jibu moja la uhakika, linatosha kwa aya nzima.

Miaka ndiyo itakayokusumbua. Wazee huikumbuka kwa matukio, nawe ujue matukio yenyewe ili uweze kupima unachoambiwa. Mtu akikwambia marehemu alikuwa balozi wa CCM mwaka 1972, jua ni TANU, kwani CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Akikwambia alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha kahawa mwaka 1978, muulize tena taratibu, kwa sababu vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na sheria ya kuvirudisha ikatungwa 1982. Huenda alikuwa mtu wa serikali ya kijiji, ambayo nayo ilinunua mazao. "Wakati wa mvua za El Nino" ni mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998. Kwa kuzaliwa, cheti cha ubatizo kikikosekana, andika "inakadiriwa". Tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi nayo ni ya kukisia tu.

Orodha ya watoto usiimalize peke yako. Kama kuna nyumba ya pili, au mtoto wa nje ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja, hilo si lako kuamua. Mpelekee shangazi au mkubwa wa ukoo usiku ule kabla ya mazishi, amsomee anayehusika, wakubaliane. Ugonjwa uupe mstari mmoja, na jina lake usilitaje bila ruhusa. Na usiandike kwamba hakuwahi kukosana na mtu. Jirani aliyegombana naye juu ya masale ya mpaka amekaa mstari wa tatu, anasikiliza.

Urefu: karatasi moja ya fulskepu, mbele na nyuma, kwa mwandiko wa kusomeka, maana huenda wewe ukashindwa kwa machozi akasoma mwingine. Ibada ikichelewa, mshereheshaji atakuonyesha saa, na kinachokatwa ni mwisho. Kwa hiyo ndiva na shule viwe juu, hospitali ziwe chini. Kwa familia ya Kiislamu maziko hayangoji, maneno marefu yatapata nafasi yake kwenye hitma, nawe utakuwa na siku za kuuliza vizuri.

Jambo moja watu husahau. Katika kupekua utakuta vitu visivyo vya familia: daftari la michango ya maji, risiti, ufunguo wa stoo ya shule, pengine mhuri. Habari ya wadai na wadaiwa ataitangaza msemaji wa familia, lakini daftari la watu wote halina msemaji. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha mkabidhi mwenyekiti wa kitongoji mbele ya mtoto mmoja wa marehemu na mjumbe mmoja wa kamati, wote wasaini. Fanya hivyo kabla wale wa mjini hawajapanda gari, kwa sababu baada ya hapo chumba cha mzee kitafungwa, na ufunguo utakwenda Dar es Salaam.